Gari Bila Mabawa: Msimu Mmoja wa Formula Ford

Jumapili, mwisho wa Februari. Leicester, gereji

Injini imerudi kutoka kwa fundi wake, imefungwa nailoni ndani ya sanduku la mbao. Ni Ford Kent, silinda 4, lita 1.6, ukoo mmoja na zile za Ford Escort na Cortina za zamani. Mombasa nilifunzwa ufundi juu ya injini ya aina hii, ya Cortina ya mwalimu mmoja aliyekuwa hakubali kuinunulia plagi mpya. Hii yetu inatoa nguvu za farasi 110 hivi. Ukimtajia hesabu hiyo kijana anayetazama Formula 1 kwenye televisheni atakucheka, mpaka umkalishe ndani ya kijigari cha mabomba ya chuma, makalio yake yakiwa shubiri moja juu ya lami.

Mwenye kukalia kiti hicho ni mpwa wangu, miaka 17, mzaliwa wa Leicester, ametoka kwenye karti, vijigari vidogo vya mbio ambavyo watoto huanza navyo. Mwenye daftari la pesa ni mama yake, dada yangu. Mimi ni fundi, dereva wa vani na mkokota trela.

Watu wanauliza kwa nini hatumpeleki Formula 4, ambako watoto wa miaka 15 wanaanza na magari mapya yenye mabawa na gia za kubonyeza kwenye usukani. Jibu liko kwenye daftari la dada. Msimu mmoja wa Formula 4 hapa Uingereza unameza mamia ya maelfu ya pauni. Formula Ford ilianzishwa Brands Hatch mwaka 1967 kwa wazo kwamba gari la mbio liuzwe pauni 1,000. Bei hiyo ilikufa zamani, lakini kanuni zimebaki: hakuna mabawa, hakuna tairi za kipara, injini ni ile ile kwa wote. Letu ni la kampuni ya Van Diemen, la miaka ya 90, lina umri kumshinda dereva wake.

Ijumaa, Machi. Silverstone, mazoezi

Tumefika saa moja asubuhi na upepo tayari unakata masikio. Silverstone ulikuwa uwanja wa ndege za kivita, na kiwanja cha ndege hakijengwi bondeni. Hapa ndipo ilipofanyika Grand Prix ya kwanza ya ubingwa wa dunia, tarehe 13 Mei 1950. Sisi tunatumia njia fupi, ile wanayoiita National, kona zake chache na minyooko yake miwili mirefu.

Nyuma ya gari tumebandika mraba wa manjano wenye alama ya X nyeusi. Ni alama ya mgeni, na haiondoki mpaka akusanye sahihi za waamuzi kwa kumaliza mbio bila fujo.

Tatizo la leo ni gia. Giaboksi ya Hewland ina gia 4 na mkono wa kuvuta, na haina kitu cha kulainisha kuingia kwa gia. Ukiteremsha gia kabla ya kona lazima mguu wa kulia ufanye kazi mbili: ubavu wa mbele unakanyaga breki, na upande wa kisigino unagusa mafuta ili injini ipande mwendo ulingane na magurudumu. Karti haina mambo hayo. Asubuhi nzima nilikuwa nasikia meno ya gia yakilia tangu ukutani nilikosimama. Mchana sauti zikapungua. Jioni nikafungua mfuniko wa nyuma, nikakuta pete mbili za kushikia gia zimeanza kupoteza kona zake. Nimezibadilisha, na dada ameandika.

Ni Ramadhani. Magharibi ilipoingia dada alitandaza futari juu ya boneti ya vani: tende, viazi karai, kaimati. Jirani yetu wa trela, mzee mmoja wa Lincoln ambaye amekuwa akiendesha Formula Ford tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, aliletewa sahani na hakuuliza maswali. Alikula kaimati zote, kisha akaja kutazama pembe za magurudumu yetu ya mbele, akatikisa kichwa, akarudi na uzi na rula.

Jumamosi, Machi. Silverstone, mbio ya kwanza

Alianza nafasi ya 17. Kufikia mzunguko wa tano alikuwa kwenye kundi la magari matano yanayogombea nafasi ya 11, na katika mzunguko wa mwisho alitoka kona ya Becketts akiwa mbele ya kundi lote. Nilijua kabla hajafika katikati ya mnyooko wa Wellington. Watatu walimpita kabla ya kona ya Brooklands, mmoja kushoto na wawili kulia, na akamaliza wa 14.

Alivua helmeti akiwa amevimba. "Mjomba, gari halina nguvu."

"Gari lina nguvu sawa na la wenzako. Wewe ndiye uliyewakatia upepo."

Gari lisilo na mabawa linapigana na upepo zaidi kuliko linavyopigana na lami. Wa mbele anaupasua, wa nyuma anapita kwenye tundu lililoachwa, na injini zikiwa sawa huyo wa nyuma lazima afike na kasi ya ziada. Ndiyo maana katika Formula Ford kuongoza mapema ni deni. Magari yenye mabawa yana ugonjwa wa kinyume chake: ukimsogelea mtu kwenye kona, hewa chafu inakunyima mshiko, basi wanamaliza walivyoanza. Mimi naona mbio zetu ndizo shule, ingawa wakubwa wa timu siku hizi hawaji kutafuta mtu huku.

Kijana hakutaka kusikia. Aliyefunzwa tangu utotoni kwamba wa mbele ndiye mshindi hawezi kukubali kwa siku moja kwamba saa nyingine nafasi ya tatu ni bora.

Jumamosi, Aprili. Oulton Park

Cheshire. Miti, ziwa, na njia inayopanda na kushuka ndani ya bustani ya zamani ya matajiri, zaidi ya kilomita 4 kwa mzunguko. Mvua tangu alfajiri.

Formula Ford haina tairi za mvua na tairi za jua. Ni zile zile zenye mistari. Kinachobadilika ni gari: tumelegeza springi, tumefungua kile chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona, tumerudisha breki nyuma kidogo. Mzee wa Lincoln alimchukua mpwa wangu chini ya mwavuli, wakatembea hadi kona ya kwanza, Old Hall. Alimwonyesha jinsi mstari ambao wote hupita siku za jua umepakwa mpira wa tairi, na mpira ukilowa huteleza kuliko lami yenyewe. Ukiwa mvuani, pita pale ambapo hapapitwi.

Alifuzu wa 19, na mbio alimaliza wa 9. Sina la kuongeza. Karti za mvuani zilimfunza mikono myepesi, na nusu ya wenzake walikuwa kwenye nyasi. Sahihi nyingine imepatikana. Tulikausha gari kwa taulo za nyumbani, kosa ambalo dada ataligundua kesho.

Jumapili, Mei. Brands Hatch

Nitaandika polepole.

Njia fupi ya Brands Hatch, ile ya Indy, haifiki hata kilomita 2, na ukisimama kwenye kilima unaiona karibu yote. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inapinda kulia huku ardhi ikizama chini yake, na dereva anapogeuza usukani haoni anakokwenda. Kisha gari linapanda hadi Druids, linashuka tena. Baada ya hapo kuna mnyooko mfupi, na kona ya kushoto iitwayo Surtees.

Dada alikuwa hajaja kusimama ukingoni tangu msimu uanze. Hukaa ndani ya vani na daftari. Leo alitoka. Alisoma ubao, akaniuliza Surtees ni nani. Nikamwambia John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia kwa pikipiki na kwa Formula 1. Ningenyamaza hapo, lakini mzee wa Lincoln alikuwa karibu, na wazee wa huku wakiulizwa hujibu lote. Mwanawe, Henry, alifia kwenye uwanja huu Julai 2009, katika mbio za Formula Two. Alikuwa na miaka 18. Gurudumu liliruka kutoka gari la mwenzake lililogonga ukuta, likampiga kichwani.

Dada alilitazama gari letu, lililo wazi juu, lenye upinde mmoja wa chuma nyuma ya kichwa cha mwanawe. "Na wale wa Formula 4?"

"Wana halo."

Kuanzia mwaka 2018 magari ya Formula 1 yamevaa ule mhimili unaozunguka kichwa cha dereva, na madaraja ya chini yakafuata. Formula 4 ya Uingereza ilianza nao mwaka 2022. Formula Ford haina. Fremu za mabomba za miaka ya 90 hazikuundwa kubeba kitu kama hicho. Hilo ndilo jibu la kweli, na si jibu la kumpa mama.

Katika mzunguko wa pili mtu wa nafasi ya saba alizunguka katikati ya Paddock Hill. Wawili wa mbele yetu walimkwepa. Mpwa wangu alitokea kilimani akamkuta mbele ya pua yake. Nilisikia kabla ya kuona. Bendera nyekundu zilitoka zote kwa pamoja, na wasimamizi wa njia wenye ovaroli za rangi ya chungwa walikuwa wanakimbia kabla vumbi halijatua. Hao ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wanashinda na chakula cha kubeba nyumbani, na hakuna mbio inayoweza kuanza bila wao.

Aliinua mkono. Kisha akafungua mkanda na kutoka mwenyewe.

Daktari wa uwanja alimpima, akampa ruhusa, mkono wa kushoto umevimba kwa sababu hakuachia usukani. Gari: kona nzima ya mbele kushoto imeng'oka, mikono ya chuma inayoshika gurudumu imepinda, pua imepasuka, na bomba moja la fremu lina alama inayoninyima raha. Dada hakusema neno njiani kote, na foleni ya barabara kuu ilitushika hadi saa nne usiku.

Jumatano, Juni. Leicester

Gari liko juu ya mawe. Nimepima fremu kutoka pembe hadi pembe, na tofauti ni milimita chache. Bomba lile limekatwa na kuchomelewa upya na mtaalamu wa mjini, kwa sababu chuma hiki hakitaki mtu wa kuchomelea mageti. Mikono mipya ya magurudumu tumeipata kwa mtu aliyevunja gari la aina hii ili auze vipande. Hiyo ni faida ya magari ya zamani: spea ziko, ukijua wa kumpigia simu.

Dada alikaa na daftari siku tatu. Akasema mbio mbili za Juni hatuendi. Pesa zake zimekuwa magurudumu. Kijana alijaribu kubisha kwa hoja za pointi za ubingwa, akaambiwa aoshe vyombo. Ameanza kazi ya Jumamosi kwenye duka la tairi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Ijumaa, Julai. Snetterton

Norfolk, kiwanja kingine cha ndege. Marubani wa Marekani waliruka hapa wakati wa Vita vya Pili. Lakini kwa mtu wa Formula Ford huku ni nyumbani: Van Diemen yalitengenezwa pembeni mwa uwanja huu, kazi ya Ralph Firman. Mwaka 1981 kijana wa Brazil aitwaye Ayrton Senna alikuja kumwendeshea, akakaa karibu na Norwich, akachukua mataji mawili ya Formula Ford katika msimu wake wa kwanza wa magari. Mpwa wangu anajua historia hiyo yote. Anachokijua kidogo ni uwiano wa gia, na leo ndiyo kazi.

Mnyooko wa Bentley ni mrefu. Ukipanga gia ya nne kwa gari lililo peke yake, likiingia kwenye upepo wa jingine linapata kasi ya ziada, injini inafika kikomo mapema, na unakaa pale umening'inia bila kumpita mtu. Ukiipanga ndefu kupita kiasi, ukiwa peke yako gari linachoka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua meno ya gia unaamua kwanza kesho utakuwa wapi: mbele, au ndani ya kundi?

Nilimuuliza. Alifikiri, akasema, "Ndani ya kundi, Mjomba."

Tukafunga gia ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu Machi aliketi nami akishika tochi, akanipa spana kabla sijaomba.

Jumamosi, Julai. Snetterton

Wa 6. Alikaa wa nne ndani ya kundi kwa mizunguko mingi, hakupigana na mtu, na mizunguko miwili ya mwisho akawapita wawili mwishoni mwa Bentley, wote kwa ndani, wote kwa breki. Mwamuzi alitia sahihi iliyokuwa imebaki. Tumeubandua ule mraba wa manjano kwa kisu cha jikoni na maji moto. Gundi haikutoka yote.

Jumapili, Agosti. Anglesey

Saa nne za barabara hadi Wales, trela ikivuma nyuma. Uwanja uko juu ya bahari kabisa, na ukitoka kona moja unaiona nyuma ya ukuta kana kwamba utaingia. Upepo ulibadilika mara mbili kwa siku, na gia zetu hazikuwa sawa mara zote mbili. Wa 10 na wa 12.

Jioni tulimpigia Babu Mombasa tumwonyeshe maji. Babu kwake mbio za magari ni Safari Rally, basi. Alimwona Joginder Singh, alimwona Shekhar Mehta mwaka wa Datsun 240Z, na hajaelewa mpaka leo kwa nini mjukuu wake anazunguka pale pale.

"Sasa hilo gari, milango yake iko wapi?"

"Halina milango, Babu."

"Na abiria?"

"Hakuna abiria."

"Basi hapo nani anakusomea njia?"

Alicheka mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali la maana, kama tairi zinatosha hadi mwisho wa mwaka. Hazikutosha.

Jumamosi na Jumapili, Oktoba. Brands Hatch, Formula Ford Festival

Septemba imepita kwenye gereji na kwenye duka la tairi. Dada alisema tutaenda Festival na Walter Hayes, mashindano mawili ya kufunga msimu, tusimuulize zaidi.

Festival si mbio moja. Ni mchujo: mbio za makundi, nusu fainali, fainali, na njia ya nyuma kwa walioangushwa mapema. Zamani ukishinda hapa simu ilikuwa inalia. Eddie Irvine alishinda 1987, Mark Webber 1996, Jenson Button 1998, wote wakafika Formula 1. Mwaka 1981 Senna hakukaa kuisubiri. Alirudi Brazil, na Tommy Byrne wa Ireland akaichukua na Van Diemen. Kati ya hao wawili, mmoja alikuwa bingwa wa dunia mara tatu na mwingine aliendesha mbio mbili tu za Formula 1. Wazee wa padoki watakuambia pengo la kipaji lilikuwa dogo kuliko hilo. Naamini.

Simu hailii tena. Vijana wenye mpango wa Formula 1 wako Formula 4, na huku wamebaki wasio na pesa hizo, pamoja na wazee wa miaka 50 ambao hawatolewi ndani ya gari. Mpwa wangu alipangwa kundi moja na watatu wa namna hiyo, wakamfundisha adabu kwenye Druids. Mmoja alikwenda ndani, akabreki mapema makusudi, akamnyima nafasi ya kugeuza, akaondoka. Hakuna kugusana. Hakuna cha kulalamikia.

Nilimwangalia alipopita Paddock Hill mara ya kwanza tangu Mei. Aliinua mguu kidogo. Mzunguko wa pili pia. Wa tatu hakuinua. Dada alikuwa kando yangu, ameshika uzio, na yeye aliliona hilo kabla yangu.

Aliishia nusu fainali.

Jumamosi, Novemba. Silverstone, Walter Hayes Trophy

Walter Hayes alikuwa mwandishi wa habari aliyeajiriwa na Ford, na ndiye aliyeisukuma kampuni itoe pesa za injini ya Formula 1 iitwayo Cosworth DFV na kuibeba Formula Ford ilipokuwa changa. Kombe lenye jina lake linashindaniwa tangu 2001, mwisho wa msimu, wakati watu wenye akili wamekwisha kufunga magari yao.

Baridi, jua la chini, lami haipati joto. Magari zaidi ya tuliyokutana nayo popote mwaka huu, na mchujo kama wa Brands Hatch. Kundi la kwanza liligeuka fujo, akapitia njia ndefu, akafika nusu fainali kesho yake.

Jumapili. Silverstone, nusu fainali

Alianza mbali nyuma. Mzunguko wa mwisho kundi lake lilikuwa na wanne, na wa kwanza wao ndiye angeingia fainali. Alitoka Becketts akiwa wa tatu. Nilikuwa ukutani na saa mkononi, na sikuibonyeza.

Alijificha nyuma ya wa pili, ambaye alijificha nyuma ya wa kwanza, na katikati ya mnyooko wa Wellington yule wa pili akatoka kushoto. Mpwa wangu akasubiri. Alisubiri hadi nikadhani amelala. Kisha akatoka akiwa amekula upepo wa wote wawili, akafika Brooklands wa kwanza wa kundi, akabreki sawasawa. Kona inayofuata, Luffield, ni ndefu, inapinda kulia bila kuisha, na mmoja wao aliyebaki kwa nje alianza kufungua mafuta mapema kuliko yeye. Walipita mstari pamoja. Kioo cha saa kikampa mwenzake, kwa elfu za sekunde.

Aliegesha, akaenda kumpa mkono yule kijana kabla hajavua glavu. Kisha akaja kwangu. "Ningetoka mapema kidogo?"

"Hapana. Ungetoka mapema angekupita hapo hapo mnyookoni."

"Basi ni Luffield."

"Ni Luffield. Tairi za mbele zimekwisha, na ulikuwa umeingia kwa kasi."

Mzee wa Lincoln, ambaye yeye mwenyewe aliingia fainali na kumaliza wa 20 kwa furaha isiyoelezeka, alisema Luffield imewala wakubwa kuliko huyu.

Jumatano, Novemba. Leicester

Dada amefunga hesabu. Kuna mtu wa Norfolk anataka gari, ametaja bei nzuri. Kijana ameleta hesabu yake mwenyewe, mishahara ya duka la tairi hadi Machi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya risiti. Haitoshi injini kufunguliwa, lakini inatosha tairi seti moja na ada ya mbio mbili. Dada ameisoma, ameikunja, ameitia ndani ya daftari, na mtu wa Norfolk bado hajapigiwa simu. Injini inakwenda kwa fundi wake Jumatatu, maana iwe tunauza au tunabaki, lazima ijulikane ndani ina hali gani.